Somo wa Keren

Sindano ilikuwa inacheza, na hakuna aliyekuwa anaimba.

Éliane alikuwa ameingia studio kutafuta pasi. Studio ni neno kubwa. Kilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yao ya mtaa wa Lubuye, Kalemie, ambacho mumewe, Toussaint, alikibandika trei za mayai ukutani, akatundika blanketi mlangoni, na kukipa jina la binti yao: Studio Keren. Ordinateri, yaani kompyuta, ilikuwa wazi mezani. Kwenye kioo chake palikuwa na picha ya mashine ya zamani, rangi ya kijivu iliyochubuka, skrubu zenye kutu pembeni, na dirisha dogo la manjano. Ndani ya dirisha hilo sindano nyeusi ilipanda, ikashuka, ikatulia, ikapanda tena.

Alidhani wimbo unapiga na spika zimezimwa. Wimbo ulikuwa umesimama. Maikrofoni ilikuwa ndani ya sanduku lake, waya umezungushwa vizuri. Toussaint alikuwa mjini akitafuta mafuta ya jenereta. Éliane anafundisha kemia, na haamini kitu kabla ya kukijaribu mara mbili. Alisimama na pasi yake mkononi akaitazama ile sindano, ndipo aliposikia kwa dirisha Keren akigombeza bata uani.

"Weye, toka pale. Nimekuambia toka. Hiyo chakula haiko yako."

Toka pale: sindano ikapanda. Nimekuambia toka: ikapanda zaidi. Mtoto aliponyamaza, ikalala. Mtoto alipocheka, maana bata alikuwa amemjibu, ikaruka mpaka kwenye wekundu.

Éliane alifunga ordinateri. Harufu ya vumbi linaloungua ilimfikia puani, harufu ya redio ya babu yake kule Moba, redio ya taa za kioo iliyohitaji kupata moto kabla ya kusema. Ordinateri haina taa za kioo. Aliigusa mgongoni. Ilikuwa baridi.

"Ni latence," Toussaint alisema aliporudi.

"Latence ni kuchelewa. Hii haichelewi. Inasikia mutoto akiwa inje, bila micro."

"Basi ni masse. Courant ya hapa haina terre muzuri, Mama Keren, unajua."

Toussaint alikuwa na neno la Kifaransa kwa kila kitu asichokielewa, na kila neno lilimtosha kwa muda mrefu.

Mashine zenyewe, ni vizuri kusema, si mashine. Zamani studio za Ulaya na Amerika zilikuwa na masanduku ya chuma, mazito kama friji. Moja husawazisha sauti: huongeza besi, hupunguza ukali wa puani. Jingine huibana: sauti ikiruka hulikamata koo lake, ikianguka huliachia. Masanduku hayo mengi yamekufa, yaliyobaki yako kwa matajiri. Siku hizi watu hutengeneza programu ya kuyaiga, wakaiga kifungo, wakaiga kutu, wakaiga hata mngurumo wake wa uzee. Hakuna fundi wa Kalemie aliyewahi kugusa hata moja la kweli, ila wote hubishana juu ya joto lake kama watu waliolala nalo nyumba moja. Éliane aliwahi kumwambia mumewe kwamba kitu kilichokufa, kinachorudi na sura yake na sauti yake bila mwili, kwao kina jina lingine. Toussaint alicheka. "Inaitwa émulation," alisema.

Programu za Toussaint zilikuja zote pamoja kwenye flashi ya rafiki, za wizi kama kawaida, kutoka ng'ambo, Kigoma. Karibu kila moja ilikuwa na kibao cha mtengenezaji wake. Ya mwisho haikuwa nacho. Pale pa kibao palikuwa na utepe mweupe, mtupu, na kijistari kinachopepesa. Haikufunguka mpaka uandike kitu.

Sasa, Kalemie mtu akipata kitu hukipa jina la mtoto wake. Boti inayopeleka unga Moba ni Merveille. Duka la dawa ni Gloire. Kuna pikipiki zinazoitwa kwa majina ya watoto ambao bado hawajatoka tumboni. Ni upendo, na ni ujanja pia, maana nani ataiba au ataloga kitu chenye jina la mtoto? Toussaint hakufikiri hata kidogo. Aliandika KEREN. Utepe ukageuka rangi ya maziwa yaliyolala, na sindano ikaamka.

Mtu wa kwanza aliyepitishwa humo alikuwa Keren mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka tisa, na kwenye kwaya ya watoto ya parokia yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Kabla ya kuanza hunusa kidogo, kama mtu anayevuta kamasi, kisha huimba, na watu wazima hunyamaza. Toussaint aliipitisha sauti hiyo kwenye mashine yenye jina lake. Ilitoka kwenye spika ikiwa na kifua ndani yake, na damu, na ukaribu wa mtu anayekusemea shingoni. Éliane, ambaye hapendi machozi ya bure, alilia. Wimbo ukaruka kutoka simu moja hadi nyingine mpaka Kabalo, na kwaya zikaanza kuja.

Papa Zacharie alikuwa wa kwanza kusema. Alikuja kutoka Kabimba na kwaya ya wanaume, wafanyakazi wa saruji wenye besi kama ngoma ya lori. Alisikiliza kazi iliyomalizika, mikono kifuani.

"Toussaint, ni muzuri. Wababa wangu wamepata mwili. Lakini huyu mutoto ni wa nani?"

"Mutoto gani?"

"Huyu anapumua."

Kila fundi anajua jambo hili: besi ikiimba, mashine inaibana. Besi ikinyamaza kuvuta pumzi, mashine inaachia, na vitu vidogo vilivyokuwa chini vinapanda: kiti, feni, pikipiki ya barabarani. Toussaint alirudisha nyuma. Wanaume wakaimba, wakanyamaza, mashine ikaachia. Kilichopanda kilikuwa pumzi ya mtoto, mdomo karibu, ikingoja. Na kabla wanaume hawajaingia tena, mtu alinusa kidogo.

"Ni bruit de fond, kelele ya nyuma tu," Toussaint alisema, lakini sauti yake haikuwa na haraka yake ya kawaida.

"Bruit de fond haina kamasi," Papa Zacharie akasema. Akavaa kofia yake, akaondoka na wimbo bila kuomba urekebishwe. Baadaye walisikia kwamba kwaya yake haikuuimba wala kuugawa.

Wiki ile Keren alianza kukwama. Kwanza ilikuwa ni kukauka tu, na Éliane akampa tangawizi. Kisha maneno yakaanza kumwishia njiani, akifika mwisho wa sentensi akibaki na midomo tu. Kisha kicheko. Alikuwa akicheka, mabega yanatikisika, macho yanafumba, na hakuna kitu kinachotoka, kama televisheni iliyozimwa sauti. Daktari alimwangalia kooni, akamwangalia tena na taa kubwa zaidi. "Mama, huyu mutoto ni muzima," alisema. Alisema kwa upole, kwa namna ya kuonyesha kwamba mgonjwa ni mama.

Éliane alifanya anachojua kufanya. Alimkalisha Keren uani na kitabu cha kusoma, asome kwa sauti asisimame, naye akakaa mlangoni pa studio ambapo aliweza kumsikia mtoto na kumwona mume. Alimwambia Toussaint afanye kazi, halafu aache, halafu afanye. Mashine ilipofanya kazi, sauti ya uani ilikonda. Toussaint alipoacha, haikunenepa tena. Ilibaki pale ilipofikia. Éliane akarudia jaribio mara ya pili, kwa sababu ndivyo alivyosomeshwa, na mara ya pili ilimla Keren karibu yote iliyobaki. Hilo hajajisamehe.

"Futa," alisema.

"Nitafuta."

"Sasa. Mbele ya macho yangu."

Keren alikuwa amekuja kusimama kwenye blanketi, akila kitumbua. Toussaint aliishika ile picha ya mashine na kidole, akaivuta, akaiangusha kwenye kapu la takataka la ordinateri.

Mtoto hakukohoa. Hakushika koo. Alisimama tu, mdomo wazi na kitumbua kikionekana ndani, na kifua chake kikawa kimesimama kama saa inavyosimama, bila fujo, na macho yake yakamtazama mama yake yakiuliza, kwa adabu kabisa, kama mtoto anayeuliza kama anaweza kuondoka mezani, na Éliane akampiga mgongoni, akamwingiza kidole, akatoa kitumbua, akampulizia pumzi yake mwenyewe mdomoni na kuisikia ikirudi bila kuingia, kama vile unapulizia chupa iliyokwisha kuzibwa, huku midomo ya mtoto ikigeuka rangi ya ziwa kabla ya mvua.

"Rudisha," alinong'ona. "Toussaint, rudisha."

Alirudisha. Pumzi kubwa ikavutwa chumbani. Spika zilivuta kwanza. Keren alivuta baada yake.

Baada ya hapo waliongea chini-chini hata wakiwa sokoni. Toussaint alimwita shangazi yake, tantine Marthe, naye akapanda boti kutoka Moba akiwa na kapu la samaki na hasira ya kuitwa bila kuambiwa sababu. Waliketi jikoni. Tantine alimshika Keren kidevu, akamgeuza huku na huku, akamwachia. Alipoelezwa habari ya utepe mweupe, aliacha kutafuna.

"Ile kitu haikuwa na jina."

"Haikuwa nayo," Toussaint akasema.

"Na mukaipatia ya mutoto."

"Tantine, ni logiciel, ni programu tu. Kila muntu anaandikaka kitu pale."

"Nisikilize, weye na kifaransa yako. Muntu akipewa jina yako, ni ndoyi yako, ni somo. Somo anafika kwako, anafunua nyungu, anakula, na hauwezi kumufukuza, unacheka tu. Anachukua kitambaa yako, anavaa. Njo desturi, hauna ruhusa ya kukataa. Sasa ile ilikuwa inakaa fasi yake, haina jina, haina mwili, haina pumuzi. Mukaiita Keren. Ikaangalia, ikaona somo wake eko na vitu vyote." Alishusha sauti. "Anagawana. Haibi. Anagawana."

"Mpaka wapi?" Éliane aliuliza.

"Somo muzuri anachukua nusu."

"Na mubaya?"

Tantine Marthe alilitazama blanketi la mlango wa studio. Lilikuwa limenyooka. Hapakuwa na upepo.

"Musimuchokoze," alisema. "Mufunge ile kitu, mukiweke fasi ya kukauka, musikifute, musikifanyishe kazi. Muache na nusu yake. Mutoto ataongea chini-chini maisha yote, lakini ataishi. Ataolewa, atazaa. Wengi wanaishi na nusu, Mama Keren, hawasemi tu."

"Miye sikuzaa nusu," Éliane akasema.

Ndiyo sababu alikuja Pasta Steve. Pasta Steve ana kanisa la uamsho karibu na mto Lukuga, na suti ya rangi ya krimu, na amplifaya ambayo huja nayo hata kwenye sebule ya viti vinne. Aliweka mwangwi mwingi sana, kiasi kwamba Shetani alipata kila amri mara tatu na nafasi ya kufikiri. Alimfukuza kutoka chumba hadi chumba. Mlangoni pa studio amplifaya ilizimika. Pasta aliigonga, akaitikisa, akalaumu betri, na kwa mara ya kwanza akasema kwa sauti yake mwenyewe, iliyokuwa ndogo na ya kawaida.

"Hapa kuna jina," alisema. "Adui ameshika kwa jina. Kwa hiyo tunaliondoa. Abramu akawa Abrahamu. Saulo akawa Paulo. Mutoto akiwa haitwi Keren tena, huyu mwingine atakuwa somo wa nani?"

Ubaya ni kwamba Éliane aliona hesabu inakaa. Vitu viwili vimeungana kwa kifungo kimoja. Kata kifungo, vitaachana. Alikuwa hajawahi kukubaliana na pasta yeyote maishani, na wa kwanza akawa huyu wa krimu.

"Mutamupa yote," tantine Marthe alisema. "Sasa hivi wako wawili kwa jina moja. Mukiondoa mutoto, nani atabaki nayo?"

Alirudi Moba kwa boti iliyofuata, akaacha samaki.

Walimbatiza asubuhi, jua limepanda, ufukweni ambapo wamama hufua. Jina lilichaguliwa kwenye Biblia na likaandikwa kwenye karatasi ili lisisemwe nyumbani. Pasta alikuwa ameamuru hivyo: jina jipya lisiingie kamwe katika chumba kile, wala lisitajwe karibu na dirisha lake, maana kisichojua jina lako hakikushiki. Hilo, kati ya yote aliyoyasema, lilikuwa kweli.

Mtoto alishuka majini akiwa ameshika mkono wa baba yake, akitazama povu la sabuni la wamama kana kwamba ni jambo la kupendeza sana, na Éliane, akiwa amesimama na taulo, aliona jinsi pasta alivyoweka kiganja kwenye paji la uso wake na kingine mgongoni, jinsi maji yalivyofunga juu ya nywele zilizosukwa jana yake, jinsi kwaya ilivyoinua sauti ili kufunika ule muda ambao mtu yuko chini na hana jina lolote, na muda huo ulikuwa mrefu kuliko ilivyopasa, au ulionekana mrefu, kwa sababu katikati yake Éliane alitaka kusema hapana, acha, nipeni nusu, na neno halikutoka, na maji yakafunguka, na pasta akatamka Syntiche, na mtoto akasimama akitiririka, akafuta macho, akawatazama wote mmoja mmoja kwa uso wa mgeni aliyeshuka kwenye boti mji asioujua.

Hakunusa. Éliane alilingoja hilo. Mtoto mwenye maji puani lazima anuse.

Falone, jirani yao, aliwakuta njiani, viatu mkononi, amekuja mbio.

"Mama Keren, muliacha muntu ndani?"

"Hapana. Tumefunga."

"Kuna mutoto anaimba kule." Falone aliona uso wa Éliane, akashusha sauti. "Anaimba muzuri, lakini."

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana. Betri ya ordinateri ilikuwa imekufa. Waliposimama uani walisikia mwisho wa wimbo, sauti nzima, yenye kifua, yenye kicheko kidogo ndani ya ubeti wa pili pale ambapo Keren hucheka siku zote kwa sababu maneno yanamchekesha. Syntiche alisimama nao, akasikiliza kidogo, kisha akaenda kukaa kivulini. Bata alimfuata. Hakumfukuza wala hakumwambia neno.

Alikuwa mzima. Daktari angefurahi. Alipumua, alikula, alifagia akiambiwa afagie, alijibu ndiyo na hapana kwa koo safi lisilokwama popote. Sauti hiyo haikuwa ya mtu yeyote. Ilikuwa kama ya mtu anayesoma namba za viti kwenye boti. Alilala macho yakiwa nusu wazi. Toussaint alivumilia kidogo, akatandika mkeka wake kwenye baraza asiusikie ukuta wa studio, kisha akasema anakwenda Kabimba kuuliza kazi kwenye saruji, ya mkataba mfupi, atarudi. Éliane hakumuuliza lini. Kuvunja ordinateri hakukutajwa tena. Wote wawili walijua nani yuko ndani.

Na kulikuwa na jambo ambalo pasta hakulipigia hesabu, kwa sababu hana mtoto. Mwanamke akizaa Kalemie, jina lake linawekwa kabatini. Shuleni alikuwa Madame Éliane. Penginepo pote, kwa miaka tisa, alikuwa Mama Keren. Kwenye bomba la maji, kwenye unga, kwenye kilio, mlangoni. Alieleza, aliomba wasimwite hivyo tena, watu waliitikia kwa huruma, na kesho yake wakasahau.

"Mama Keren," Falone aliita juu ya ua, "nipatie chumvi kidogo."

"Wi?" ikajibu studio, iliyofungwa, gizani.

Falone hakuja kuchukua chumvi. Lakini Éliane alibaki amesimama na mkebe mkononi, na alichosikia ndani yake hakikuwa hofu. Hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa amesikia binti yake akiitwa na akiitika, jambo la kawaida kabisa katika nyumba.

Alivumilia zaidi ya Toussaint. Kisha mchana mmoja, Syntiche akifagia uani, aliinua blanketi, akaingia, akaketi kwenye kiti cha mumewe mbele ya kioo cheusi. Trei za mayai zilimeza kelele zote za mji. Palikuwa na ile harufu ya vumbi linaloungua, na joto.

"Keren."

"Wi, mama."

Alifunika mdomo kwa mikono. Kisha akaitoa. Akauliza anachouliza mama yeyote.

"Umekula?"

"Huku hatukulaka. Bata iko wapi?"

"Iko inje."

"Inanitafuta?"

"Inakutafuta," Éliane alisema, na ilikuwa kweli.

Siku iliyofuata alirudi, na iliyofuata pia. Alirudi akitoka shule kabla ya kuvua viatu. Kioo kilikuwa kimeanza kujiangaza kidogo alipoketi, bila umeme, manjano ya dirisha lile peke yake, na sindano ndani yake ikipanda kwa kila neno la mtoto. Waliongea habari za darasani. Alimfundisha majedwali ya kuzidisha, na Keren akakosea palepale alipokuwa akikosea siku zote, saba mara nane, akacheka. Nje, yule mwingine alikaa kivulini na sahani iliyolambwa, akingoja kuambiwa kitu. Éliane aligundua kwamba alikuwa ameanza kumpakulia bila kumtazama. Kwa nini amtazame? Yeye alikuwa Mama Keren. Keren alikuwa huku.

Aliona pia, maana macho yake hayajaacha kazi, kwamba Syntiche alipozungumza uani sindano ilikaa kimya. Alisema ndiyo: haikucheza. Alisema hapana: haikucheza. Mwili ule, hata ukiwa mtupu, ulikuwa na uzio, na uzio huo ulikuwa neno moja ambalo chumba hiki hakijawahi kulisikia.

"Mama."

"Wi, mwanangu."

"Huyu anakula chakula yangu ni nani?"

Éliane alitazama dirishani, upande wa uani.

"Namusikia anafagia. Anafagia mubaya. Anaitwa nani?"

"Haina maana."

"Huku ni baridi, mama." Joto la chumba lilikuwa linamtoa jasho. "Niambie tu jina yake. Nitamuita, ataingia hapa, miye nitatoka kwa fasi yake. Tutakuwa vizuri, kama mbele."

Alijua. Isisemwe kwamba hakujua. Alijua kama anavyojua kinachotokea asidi ikimwagiwa maji kwa haraka, na alijua kwamba mtoto wake wa kweli hakuwahi kumwomba kitu kwa mpangilio mzuri hivyo, hatua kwa hatua, kama mfanyabiashara, na alijua kwamba uani kulikuwa na kitu kidogo chenye magoti yake Éliane na kovu la kisigino alilolipata Keren akikanyaga kigae, kitu ambacho labda, kikipendwa kwa miaka, kingeweza siku moja kunusa tena. Aliinuka. Alifika mpaka kwenye blanketi, akalishika.

Nyuma yake, kwenye spika, mtu alinusa kidogo, kama anavyonusa mtoto kabla ya kuanza kuimba, au kabla ya kuanza kulia.

Éliane alisema jina.

Sauti ililirudia polepole, silabi kwa silabi, kama mtoto anayeingiza mguu kwenye kiatu kipya sokoni, anasimama, anatembea kidogo. Uani ufagio ukanyamaza.

"Inanitosha, mama," ikasema.